Kilemba cha Ukoka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumjibu bibi wa watu. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Köln, Ujerumani, na bibi mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye miaka 88 na ulimi wa miaka 20, alinidaka mkono nikimfunga vifungo vya sweta. "Mwaka huu usije tena na yale masikio ya paka," akaniambia.

Alikuwa na haki. Miaka mitatu mfululizo nilikuwa nimejitokeza kwenye karnivali na masikio ya paka ya dukani, ya euro nne, na masharubu ya wanja. Mjini Köln masikio ya paka ni kama kwenda harusini Tanga na kanga ya kushindia: hakuna atakayekufukuza, ila utaonwa. Nikaropoka, "Bibi, mwaka huu nakuja tausi." Tausi mwenyewe sijui alitokea wapi. Labda ni kukulia nchi ambayo tausi hufugwa Ikulu, na ambayo Rais Magufuli aliwahi kuwagawia marais wastaafu tausi wakafuge makwao. Kichwani mwangu tausi ni ndege wa kustaafia kwa heshima.

Kwa asiyewahi kufika huku, karnivali ni vunjajungu. Sisi wa pwani tunavunja jungu siku za mwisho za Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia. Wakatoliki wa Köln wanalivunja kabla ya Kwaresima, ila jungu lao kubwa na kulivunja kunachukua siku sita. Msimu hufunguliwa mapema, tarehe 11 mwezi wa 11, saa zao 11:11, tarakimu zote moja tupu. Kwa saa zetu ni saa tano na dakika kumi na moja, utamu wote umekwisha. Kilele huanza Alhamisi ya wanawake, siku ambayo mwanamke ana ruhusa ya kukata tai ya mwanamume yeyote kwa mkasi, na wanaume wenye akili huvaa tai za zamani. Jumatatu ndiyo lile gwaride kubwa, lililoanza mwaka 1823.

Kwenye sherehe hizo kuna kundi la Rote Funken, watu wazima waliovaa sare nyekundu na nyeupe za askari wa kale, na kazi yao ni kuukejeli uaskari. Wana mchezo wa kupeana migongo na kusuguana makalio, bunduki mkononi. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini, kwa sababu niliwakumbuka wacheza beni wa kwetu pwani, waliovaa kofia za maafisa na kupiga tarumbeta kwa kuwaigiza wakoloni. Kumbe hata kwake Mjerumani, askari ni wa kuchezewa ngoma!

Sasa, tausi. Manyoya 24 niliyanunua. Vingine vyote vilitoka nyumbani: waya wa henga tatu, hedibendi, gundi ya moto, na boksi la ndizi nililopewa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Nilikata boksi kwa umbo la mkia uliofunguka, nikalipaka bluu upande wa mbele, nikapanga manyoya safu mbili na kuyagundisha moja moja. Manyoya manne yaliganda kwenye boksi, unyoya wa tano kwenye kidole gumba. Gundi ya moto haina kelele; unasikia joto, unasema "ah, kidogo tu", halafu unaimba taarabu peke yako jikoni. Kazi ilichukua jioni tatu. Nikapima: sentimita 60 kutoka utosini kwenda juu, 80 kwa upana. Mlango sikuupima.

Nikampigia mdogo wangu Tanga kwa video. "Dada, umetisha! Malkia wa Sheba!" Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, akazidi kupiga vigelegele. Kiswahili kina jina la sifa za namna hii: kilemba cha ukoka. Mtu anakusifu uongo, wewe unatembea umejivisha majani. Changu kilikuwa cha boksi, lakini kazi ni ile ile.

Uso ulinisumbua kuliko kichwa. Somo nilikuwa nimelitoa kwenye video ya msichana wa huku, mweupe kama maziwa. Kwake bluu ilikaa bluu. Kwangu ilipokauka ikawa kijivu, rangi ya kanzu iliyofuliwa pamoja na jinzi. Mwenzangu wa kazini, Mkongomani anayepamba maharusi, ndiye aliyenipa siri: tanguliza nyeupe, ikauke, ndipo upake bluu juu yake. Nikatanguliza nyeupe. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu aliyetoka mashineni kusaga sembe, lakini bluu ilipokuja juu yake iliamka kweli.

Ikabaki mistari. Tausi bila yale macho ya manyoya yake ni kanga, na simaanishi ya kuvaa. Wanja unatiririka, na upepo wa Februari huku unaliza hata wasio na huzuni. Ndipo nilipoikumbuka hina iliyolala kwenye friza tangu Idi. Hina haichuruziki! Nilijiona nimezaliwa na akili za ziada. Jumatano usiku nikajichora macho manne, mawili mashavuni na mawili kwenye paji la uso, nikalala chali kama maiti. Asubuhi nikaosha. Ikatoka rangi ya chungwa iliyopauka, haionekani hata kwa kutafuta. Nikaisonya, nikapaka nyeupe yangu na bluu yangu, nikachora mistari upya kwa wanja. Mtoto wa Tanga mimi, niliyeshika kopo la hina kabla ya kushika kalamu, nikasahau analolijua kila somo: hina haisemi siku ya kwanza.

Mlango wa tramu ulinifundisha unyenyekevu. Nilijaribu kuingia wima, nikarudi. Nikajaribu ubavu, nikamfagia mzee mmoja kofia. Mwishowe niliingia nimeinama kama anayeingia kwa mkwe, na hivyo hivyo nikasafiri vituo sita, nikitazama viatu vya watu. Viatu viwili kati ya hivyo havikuwa viatu, ni miguu mitupu iliyopakwa rangi ya kahawia. Nikainua macho: kijana wa Kijerumani, sketi ya majani, kitambaa cha madoa ya chui begani, mkuki wa plastiki.

"Wewe ni nani?" akaniuliza kwa furaha.

"Tausi. Na wewe?"

Akafungua mdomo, akanitazama vizuri, akaufunga. Kisha kwa sauti ndogo: "Mwafrika."

Nikamwambia, "Hongera. Unafanana na watu wa kwetu kama mimi ninavyofanana na tausi." Alishuka kituo kilichofuata, na nina hakika hakikuwa chake.

Mjini kulikuwa na nyuzi mbili za baridi. Hapo ndipo nilipojua tabia ya pili ya gundi ya moto: ikipata baridi inakuwa kavu kama kashata, na ukitingisha kichwa inaachia. Nami nilikuwa nikitingisha kwelikweli, ngoma zilikuwa zinapigwa. Unyoya wa kwanza nililetewa na mtoto aliyevaa unyuki. "Umeangusha." Wa pili nililetewa na maharamia wawili. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeshika manyoya mkononi kama muuza mifagio. Na kwa kiherehere nikapaza sauti "Helau!" kama nilivyowahi kusikia kwenye televisheni. Watu wote waliokuwa karibu walinyamaza. Köln husema "Alaaf". "Helau" ni ya Düsseldorf, mji jirani na mtani wao wa tangu na tangu. Nilichofanya ni kuingia jukwaa la Yanga na kushangilia Simba. Mama mmoja mwenye mkasi wa tai alinisogelea, nikadhani ndio mwisho wangu, kumbe alikuja kunibusu shavuni kwa msamaha, kama desturi yao ilivyo. Akaondoka na nusu ya bluu yangu kwenye pua yake.

Nyuma yangu vicheko havikukatika. Nilijua ni vya mapenzi, hadi mtu alipopiga picha na kunionyesha. Nilikuwa nimepaka boksi upande wa mbele tu. Nyuma ya kichwa changu, kwa herufi za kijani, kila Mjerumani aliyenifuata alisoma: ndizi, daraja la kwanza.

Alasiri nikafika nyumba ya wazee, kulikokuwa na keki, akodioni na bibi yangu aliyenisubiri mbele kabisa, amevaa kofia ya kapteni wa meli. Manyoya yaliyokuwa bado yamesimama yalikuwa matatu. Uso ulikuwa ramani. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akanizungusha kwa kidole, akasoma nyuma.

"Tausi yuko wapi?"

"Yuko njiani, bibi."

Akacheka mpaka kofia ya kapteni ikamdondoka. Akayaomba yale manyoya matatu, akayachomeka kwenye kikombe chake cha meno bandia, na hapo dirishani yapo mpaka leo.

Nilirudi nyumbani, nikafuta uso kwa Vaseline, nikalala na amani. Ijumaa asubuhi nikajitazama kwenye kioo. Hina ilikuwa imesema. Macho manne ya kahawia iliyokolea, mashavuni na kwenye paji, yananitazama. Nilijaribu limau, nikajaribu sukari na mafuta, nikajaribu kulia. Kazini wazee walipiga makofi. Msimamizi alinyamaza, na mimi napenda makofi zaidi. Jumapili mama alipiga simu ya video na sikuwahi kuizima kamera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sogea kwenye taa." Nikasogea. Kimya. "Nani kakufanyia hivyo?"

"Ni hina tu, mama."

"Hina ya usoni? Bibi harusi wa wapi huyo? Au huko Ulaya nako wanapunga pepo?" Nilimweleza habari za vunjajungu la Köln, mkasi wa tai na askari wa makalio. Akasikiliza yote, kisha akamwita mdogo wangu aje aone alichokisifu.

Hina ilitoka siku ya tisa. Boksi nililirudisha dukani na mwenye duka akalipokea bila swali, akapanga ndizi juu yake. Masikio ya paka bado ninayo, hayajachakaa. Mwenye kuyataka aje ayachukue, senti sitaki.