Maua Makech Aachiwe Barabara Yake

Waheshimiwa wenye barabara, na nyinyi mnaozipita mkiwa wanne kwenye kiti cha watatu, nimesimama kumtetea mwananchi asiye na wakili. Vitabuni anaitwa alizeti mwitu. Waluo wa Rongo, Awendo na Oyugis wanamjua kwa jina la Maua Makech. Kimo chake humpita mtu mzima, ua lake ni la manjano ya kuchoma macho, jani lake lina vidole vitatu hadi vitano, na ukilisugua kiganjani harufu yake chungu hukufuata hadi mezani. Aliyewahi kusafiri kutoka Isebania kupitia Migori hadi Rongo, kisha akashuka kuelekea Homa Bay, amekutana naye. Hakuna anayepanga foleni kando ya lami kwa nidhamu kama yeye.

Sasa kuna watu wanaomtafutia ubaya. Wanasema fedha za barabara ziwe na sharti: anayechukua hela ya kujenga au kukarabati ang'oe mimea vamizi iliyo kandokando, tena asisafirishe udongo wenye mbegu zake. Wanatutajia Marekani, ambako sheria ya miundombinu ya mwaka wa 2021 iliidhinisha dola milioni 50 kwa mwaka, kwa miaka mitano, ili majimbo yapambane na mimea ya namna hii kando ya barabara kuu. Mimi napinga. Sharti kama hilo likivuka bahari likafika Migori, litatuharibia mambo mengi mazuri.

Tuanze na heshima ya kazi. Mtaro ukijaa mchanga na kalvati ikiziba, ni nani husitiri aibu hiyo? Maua Makech. Husimama juu ya mtaro, akaufunika kwa majani, akaupamba kwa maua. Mkaguzi akipita na dabo kebini yenye vioo vilivyofungwa, huona kijani na manjano, akaandika kwamba mazingira yametunzwa. Mvua inaponyesha na maji yakakosa njia yakapanda juu ya lami, lawama huenda kwa mabadiliko ya tabianchi. Mwananchi gani mwingine hufunika makosa ya wenzake kwa uaminifu huo, tena bila kuomba chai?

Halafu kuna suala la ajira, na hapa naomba tusimame kidogo. Mtazame kijana aliyepewa fyekeo na siku chache za kibarua. Anakata mabua kwenye usawa wa goti, kwa sababu kuinama zaidi ni kuumiza mgongo na malipo ni yale yale. Mashina yanabaki ardhini. Mabua yaliyokatwa anayasukumia mtaroni. Okota bua moja ulichunguze: penye kila pingili, palipokuwa na jani, pana chipukizi linalongoja. Mvua ya kwanza ikinyesha, lile shina linachipua, na bua lililolala mtaroni nalo linatoa mizizi. Palipokuwa na kichaka kimoja sasa pana vitatu, na kazi ya kufyeka imepatikana tena. Ondoa Maua Makech kwa mizizi yake, na utakuwa umemfuta kazi kijana yule, msimamizi wake, mwenye kuandika vocha, na mwenye kampuni iliyoshinda zabuni. Mkandarasi mwenye akili hamuui mteja wake.

Fedha zenyewe mnajua zinakotoka. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini hutozwa ushuru wa matengenezo ya barabara, na tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25, kutoka 18. Mwenye boda boda wa Ndhiwa anaulipa kila anapojaza tangi, hata kama njia ya kwao haijaonja greda tangu uchaguzi uliopita. Magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya nani ashike shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo. Wakati wakubwa wakibishana barabara ipi ni ya taifa na ipi ni ya kaunti, Maua Makech amekwisha kuutekeleza ugatuzi kwa vitendo. Anaota kwenye barabara ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, anaota kwenye ya KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, anaota kwenye ya kaunti, wala hajawahi kumuuliza mtu mipaka ya mamlaka yake.

Wapinzani wangu watasema sheria iko tayari. Ni kweli, tunayo sheria ya kukomesha magugu hatari, Sura ya 325, tuliyoirithi kwa Mwingereza. Inampa waziri uwezo wa kutangaza mmea kuwa gugu hatari, na mwenye ardhi hulazimika kuung'oa. Ni sheria nzuri kumtishia mzee mwenye ekari mbili. Lakini ukanda wa barabara ni wa nani? Ni wa serikali. Mnataka serikali ijiandikie ilani, ijipelekee yenyewe, ijitilie saini ya kupokea, kisha ijishtaki kwa kukaidi? Tuwe na huruma.

Isitoshe, mteja wangu ana tabia njema kuliko wenzake. Mathenge wa Baringo, yule mti aliyeletwa miaka ya 1980 eti azuie jangwa, aling'oa meno ya mbuzi kwa maganda yake matamu, hadi mwaka wa 2006 Wailchamus, wenyeji wa huko, wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Miaka miwili baadaye mathenge akatangazwa gugu hatari. Maua Makech hana kesi ya mbuzi. Mbuzi humwonja kidogo, akakunja mdomo, akaenda kutafuta mahindi ya jirani.

Wala hajapata kula fedha za wafadhili kama jamaa yake wa majini. Gugu maji lilipofunga ghuba ya Homa Bay na Kendu Bay miaka ya 1990, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi, lilipata mradi wa nchi tatu, fedha za Benki ya Dunia, mashine za kulikatakata, na fukusi walioachiliwa ziwani mwaka wa 1997 walitafune. Likapungua, likarudi, likapungua tena. Tena tusisahau kwamba hata kule barabara ilikuwa na mkono wake: tuta la Mbita, lililojazwa ili magari yafike Rusinga, liliziba mkondo wa maji, na palipotuama maji gugu likapata kitanda, hadi daraja lilipojengwa miaka mingi baadaye. Maua Makech akilitazama gugu hilo anaona wivu. Yeye hajawahi kuandaliwa hata semina moja ya hotelini.

Jambo moja nitalisema bila kejeli, mniwie radhi. Miaka ya 1990, watafiti wa kilimo na misitu waliokuwa Maseno walipima majani yake wakakuta katika jani kavu asilimia 3.5 hivi ya nitrojeni na asilimia 4 hivi ya potasiamu. Wakulima wa magharibi mwa Kenya walianza kuyakata, kuyakatakata na kuyafukia kwenye mashimo ya sukuma wiki na nyanya, na shamba lilijibu. Kazi yake ni nzito, maana majaribio yalitumia kama tani tano za majani makavu kwa hekta, na sehemu kubwa ya majani mabichi ni maji. Mwanamke wa Oyugis hawezi kubeba hekta kichwani. Lakini bustani ndogo ya nyuma ya jikoni anaiweza, na bei ya mfuko wa mbolea dukani anaijua vizuri. Kwa hiyo yale majani ambayo kibarua analipwa kuyatupa mtaroni pamoja na mabua yake, hatua ishirini kutoka hapo kuna mtu angeyachukua bure.

Basi tumsikilize mshtaki swali lake la mwisho: mgeni huyu kutoka Mexico na Amerika ya Kati, aliyeletwa Afrika kama ua la bustani, amefikaje hadi kando ya kila barabara? Hakutembea. Mbegu zake ni nyepesi, hupeperushwa, hushika kwenye tope. Mkandarasi huchimba changarawe kwenye shimo lililozungukwa na Maua Makech, lori likabeba, greda likasambaza kilomita kwa kilomita. Barabara mpya ikizinduliwa kwa utepe na hotuba, mbegu zimekwisha kuzinduliwa kabla ya mgeni wa heshima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sharti lile linaogopwa. Ukimfuata mteja wangu kinyumenyume, shina kwa shina, hufiki Mexico. Unafika kwenye shimo la changarawe, na kwenye hati ya malipo ya aliyelichimba.

Wapinzani wangu wametaka tukubaliane nusu njia: tusing'oe chochote, ila mkataba uagize mashine zioshwe kabla ya kutoka eneo moja kwenda jingine, na shimo la changarawe likaguliwe kabla ya kuchimbwa. Hilo nalo napinga, na sababu yangu ni ya kibajeti. Nawajua watu wetu. Kutakuwa na fungu la maji, fungu la sabuni, fungu la mkaguzi wa magurudumu na posho yake ya chakula cha mchana. Greda litaoshwa kila wiki, kuanzia Isebania hadi Mbita, na litang'aa kwelikweli, kwenye karatasi.