Mti Mmoja, Mafundi Kijiji Kizima

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Makambako, ukitaka kukusanya watu usipige mbiu. Washa chensoo. Hata wale ambao mwenyekiti hajawaona mkutanoni tangu achaguliwe watatokea, mikono nyuma, kila mmoja na ushauri wake.

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi wa baba mdogo, mita 25 hivi kwenda juu, ulioota nyuma ya jiko na siku hizi ukaanza kuliinamia. Habari za kibali nisiwachoshe nazo. Fundi alitoka Mafinga, kijana aliyejifunzia kazi kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill. Aliposhuka kwenye pikipiki watu wakaanza kuchekea viganjani: kofia ngumu yenye wavu wa kukinga uso, viziba masikio, mabuti, na suruali nene isiyokunjika magotini.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umekuja kukata mti au unakwenda vitani?"

"Mguu hauna spea, mzee."

Akamshikisha ile suruali. Ndani imejazwa nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa paja, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye mashine mpaka inasimama. Baba mdogo akaipapasa, akatikisa kichwa, akauliza kama inazuia na mbwa wa jirani.

Kilichomharibia fundi jina ni panga. Kabla hajagusa chensoo alianza kufyeka njia mbili zinazorudi nyuma kwa mshazari, moja kushoto na nyingine kulia, mbali na upande ambako mti ungelala. Bibi mmoja akauliza za nini.

"Za kukimbilia."

Watu wakaguna. Fundi gani huyu anayeandaa pa kukimbilia kabla ya kazi? Baba mdogo akanivuta pembeni: "Ulishampa advansi?" Nikajaribu kumweleza kwamba mti ukiondoka, shina linaweza kuteleza au kuruka nyuma moja kwa moja, ndiyo maana njia zinapita mshazari. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza ada ya shule.

Hapo vijana wakaleta kamba. Kila penye mti wa kukatwa pana kamba ya kufungia ng'ombe na vijana wenye nguvu za bure. Wataifunga juu, watavuta, mti utakwenda wanakotaka. Fundi akainyoosha chini, akaipima kwa hatua: mita 12.

"Mti ni mita 25. Mkishauvuta ukakubali kuja, ninyi mtakuwa mmesimama wapi?"

Yule aliyeshika ncha ya kamba akaiachia taratibu, kana kwamba si yake.

Tukaambiwa tusogee umbali wa urefu wa mti mara mbili. Mita 50 kutoka kwenye ule mkaratusi ni katikati ya shamba la viazi la jirani, na umati ukaingia humo bila hodi, ukaendelea kushauri kwa kupaza sauti.

Mashine ikanguruma. Kwanza akakata mdomo upande wa bondeni, kama robo ya unene wa shina, kisha akazunguka nyuma. Shina lilikuwa na sentimita 50, hakulimaliza. Aliacha ubavu wa sentimita tano hivi katikati, kwani huo ndio unaouongoza mti unavyolala. Ukiukata wote, mti unachagua wenyewe, na ule wa baba mdogo ulishachagua jiko. Akagonga kabari nyuma ya mkato. Za plastiki, ili mnyororo ukizigusa usiharibike. "Anatumia midoli ya watoto!" sauti ikatoka kwenye viazi. Ile midoli ikainua mti mzima, ukalia, ukaenda bondeni kama ulivyoagizwa. Fundi alikuwa ameshafika mwisho wa njia yake ya kushoto.

Sasa basi, mti ukiwa chini kila mtu ni shujaa. Fundi alipiga kelele kwamba bado, matawi yaliyobanwa yana nguvu ndani yake, lakini akina mama walishaziona kuni na baba mdogo alishalishika panga. Palikuwa na mche wa mkaratusi uliokandamizwa na tawi, umepinda mpaka kilele kinagusa udongo. Baba mdogo akalikata lile tawi. Mche ukafyatuka, ukampitia usoni kwa upana wa kidole, ukaondoka na kofia yake ya sikukuu hadi juu ya paa la jiko. Hakusema neno. Alilirudisha panga ndani ya ala, akaenda kusimama nyuma ya fundi, karibu kabisa na ile njia ya kulia.

Jirani alifika jioni na orodha ya mashina ya viazi yaliyokanyagwa. Baba mdogo akamwambia amdai aliyepima zile mita 50. Jirani akauliza yuko wapi. Tukageuka wote: pikipiki ilikuwa imeshavuka daraja.