Babu Apandishwa Mwendo

Yuko mpiga video za harusi mmoja wa Dar es Salaam ambaye mwandishi wa makala haya anamfahamu vizuri mno, kwani wawili hao hunyoa ndevu mbele ya kioo kimoja, saa ileile. Kompyuta yake ya mezani ina prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600, toleo la mwaka 2007. Kwa umri wa kompyuta, huyo ni babu wa kupigiwa shikamoo. Video ya saa moja huitafuna kwa saa nzima, huku bibi harusi akipiga simu kila baada ya robo saa.

Vijana wakamwambia prosesa inaweza kuongezwa kasi bila kulipia hata senti. Hawakumdanganya. Kasi ya Q6600 ni hesabu ya kuzidisha tu: mapigo ya basi, megahetsi 266 (basi hili halina konda), mara 9, unapata gigahetsi 2.4. Ile 9 imefungwa kiwandani, haipandi. Mapigo ndiyo yanayogusika. Ukiweka 333, unapata 3.0, na dakika 60 za kusubiri zinakuwa kama 48. Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1998 Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini, ilihamishwa kutoka basi la 66 hadi la 100, ikaruka kutoka megahetsi 300 hadi 450 na kukimbizana na Pentium II za wenye nazo.

Jamaa akaiona 333 ndogo. Akaandika 400.

Kioo kikawa cheusi, feni ikanguruma kama jenereta la msibani. Kumbe RAM nayo hufuata basi kama tela linavyofuata lori, na yeye alikanyaga mafuta bila kugeuka nyuma. Ilitakiwa kwanza ashushe uwiano wa RAM, kisha afunge mapigo ya PCI Express palepale kwenye 100. Akachomoa waya wa umeme, akatoa ile betri bapa kama sarafu inayotunza saa na mipangilio ya kompyuta, akasubiri, akairudisha. Kompyuta ikaamka ikiamini huu ni mwaka 2007. Tovuti zikagoma kufunguka, maana vyeti vyao vya usalama vilikuwa havijatolewa bado. Mkewe alipochungulia tarehe alikumbusha kwamba kwa mujibu wa mashine hiyo hawajafunga ndoa, hivyo asiulizwe habari za chakula cha usiku.

Kufungua boksi ndiko kulikomwaibisha zaidi. Ndani mlikuwa na vumbi la kupandia mchicha na mayai mawili ya mjusi. Ile pesti inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye kipozeo ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Alipopuliza vumbi na kupaka pesti mpya, kiasi cha punje ya mchele, joto la kazi nzito likashuka kutoka nyuzi 78 hadi 63. Hapo hajabadilisha tarakimu hata moja! Tena chumba chenyewe kilikuwa na nyuzi 32, na feni haina uwezo wa kupoza kitu chini ya joto la chumba kilimo.

Safari hii alipanda kwa adabu, megahetsi 10 kila mara, akijaribu kila hatua kwa nusu saa. Volteji hakuigusa ila pale mashine ilipoyumba, tena kidogo sana, kwa sababu joto hupanda kwa mraba wa volteji: ongeza asilimia 10, joto linazidi kwa asilimia 21. Alipofika 333 akawasha Prime95, programu iliyotengenezwa kusaka namba tasa kubwa mno. Mahesabu yake huibana prosesa kiasi kwamba kosa dogo tu hufichuka, kwani majibu sahihi yanajulikana kabla. Mkewe akauliza kwa nini umeme wa LUKU uteketezwe usiku kucha kwa ajili ya namba ambazo hata jina lake linasema hazizai.

Alfajiri, saa ya nane ya jaribio, akaamka kwenda kutazama ushindi. Kompyuta ilikuwa kimya. Pembeni, mpwa wake alikuwa akipiga pasi sare ya shule.

“Shikamoo, mjomba. Kwani hii plagi ilikuwa inatumika?”

Usiku uliofuata plagi ilibandikwa karatasi yenye maandishi mekundu, na jaribio likapita bila kosa. Video ya harusi ikakamilika kwa dakika 49. Bibi harusi akapigiwa simu papo hapo. Alikuja kuichukua baada ya wiki tatu.