Sushi Yapanda Suji

Kijana aliyerudi likizo kutoka Dar amepania kuwapikia wazee wa Suji, Upare, sushi ya Kijapani. Kikwazo cha kwanza ni Mambo ya Walawi, sura ya 11. Usabato uliingia Upare mwaka 1903 na wamisionari kutoka Ujerumani, na sura hiyo inadai samaki awe na mapezi na magamba. Kamba, kaa, ngisi na pweza wanashushwa kwenye basi hukohuko Same.

Anabaki perege wa Nyumba ya Mungu. Mbichi? Samaki wa maji baridi huweza kubeba minyoo, basi anakaangwa.

Mwani wa Zanzibar nao si wa kuviringishia sushi; husafirishwa nje kutengenezea ute wa viwandani.

Mchele ndio wenye undugu na Japani, tena wa kweli: skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, wilaya hiihii ya Same, ilijengwa kwa msaada wa Wajapani. Unapikwa ukanate, unatiwa siki, sukari na chumvi, kisha unaviringishwa kwenye jani la mgomba.

Bibi anafungua jani, anaonja, anatazama mlangoni.

“Mjukuu wangu, wali umechacha. Makande yako wapi?”