Chumvi ya Zamu Tatu

Kusini mwa Marekani kuna majimbo mawili yanayogombea mchuzi mmoja. Virginia inasema mchuzi wa Brunswick ulizaliwa katika wilaya yake ya Brunswick mwaka 1828, pale Jimmy Matthews, mpishi aliyekuwa mtumwa, alipowachemshia wawindaji kuchakuro kwa vitunguu, siagi na mkate mkavu. Georgia nayo, katika mji wake uitwao Brunswick vilevile, imeweka sufuria ya chuma ya galoni 25 mahali pa wazi, na maandishi yake yanadai mchuzi wa kwanza ulipikwa humo tarehe 2 Julai 1898. Mwaka 1988 bunge la Virginia likapitisha azimio la kujipa ushindi. Georgia ikatia pamba masikioni. Wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa wakichemsha nyama ya mwituni na mahindi na maharage kabla ya majimbo hayo kuwapo, hakuna aliyewauliza.

Sisi tunaishi Richmond, kwa hiyo Baba Watoto ni Virginia damu. Kazini kwake yupo mzee mmoja mzaliwa wa wilaya yenyewe, na maneno yake ndiyo yaliyomtia wazimu. Akarudi nyumbani na sufuria ambayo ilikataa kuingia kabatini, na mwiko mrefu kama kasia. Jumamosi majirani wangekuja kula barazani, na mchuzi ungepikwa usiku kucha.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa sebuleni anasikiliza.

"Umesema walipika kuchakuro? Hawa wanaokimbizana juu ya uzio wako?"

"Zamani, mama. Siku hizi ni kuku."

"Kachinjwa na nani?"

"Nimemnunua duka la Waislamu, mama."

"Na hao wa Georgia wanatia nini?"

Baba Watoto akasitasita, kisha akakiri kwamba wengi wao hutia nguruwe. Kesi iliyowashinda wakubwa wa majimbo mawili ikaamuliwa papo hapo, Mama akiwa bado ameshika tasbihi.

Upishi wenyewe hauna siri. Kuku huchemshwa mpaka nyama iachane na mifupa, mifupa ikatolewa, nyama ikachambuliwa na kurudishwa. Huja vitunguu, nyanya, viazi, na maharage mapana ya kijani hafifu yanayokaribiana na fiwi. Mahindi huingia mwishoni, maana yakitangulia hushuka chini yakaungua. Kisha ni kukoroga. Viazi na mahindi vina wanga, nyanya zina sukari, na vyote hivyo hupenda kukaa kwenye kitako cha sufuria. Ukoko wa wali mtu anaweza kuugombea, lakini mchuzi ukishika chini, harufu ya moshi hupanda mpaka juu na hakuna kiungo cha kuifuta. Ndiyo maana mwiko haulali. Wenyewe husema umeiva pale mwiko unaposimama katikati bila kushikwa.

Baba Watoto akabandika ratiba ya zamu kwenye mlango wa friji. Yeye angeanza baada ya Isha, Mama angemfuatia, kijana wetu angeshika usiku wa manane kwa kuwa hata bila mchuzi huwa macho na simu yake, na mimi ningepokea Alfajiri. Ratiba ilionyesha saa za kila mtu. Haikuonyesha nani amefanya nini.

Zamu ya kwanza, Baba Watoto alitia chumvi kwenye supu ya kuku. Ikakolea vizuri, akatia viazi na maharage, akaenda kulala. Viazi vikainyonya supu, maharage yakaipooza. Mama alipoonja alikuta mchuzi umepoa ladha, akaguna, "Chakula cha Wazungu," akatia chumvi yake. Kisha akaona rangi haimridhishi. Mbuzi ya kukunia nazi alikuja nayo ndani ya sanduku, imefungwa kwa kanga, na nazi ilikuwapo jikoni. Akakaa juu ya mbuzi, akakuna, akakamua tui zito, akalimimina. Kijana naye alipopokea alisoma karatasi ya baba yake: "Mahindi. Chumvi." Kwenye mahindi akaweka alama ya vyema. Chumvi aliikuta haina alama, naye ni mtoto mtiifu siku ambayo utii hautakiwi.

Usiku mzima maji yalikuwa yakipungua. Mvuke hubeba maji tu, chumvi huibakiza. Kila mmoja alikuwa na haki yake kwa saa aliyoonja, na haki tatu zilipokutana ndani ya sufuria moja, zikatoa Bahari ya Hindi.

Nilionja Alfajiri, nikaenda kumwamsha mwenye mradi. Alionja, akanitazama, akaonja tena kana kwamba mara ya pili ingemhurumia.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," Mama alisema kutoka mlangoni, na yeye alikuwa nahodha namba mbili.

Dawa ya chumvi iliyozidi ni kuongeza kila kitu kingine. Tukaongeza maji, mchuzi ukawa mwepesi. Tukaongeza viazi, sufuria ikajaa hadi ukingoni. Tukahamishia nusu kwenye sufuria ya pilau, tukazidisha nyanya na maharage, nayo ikajaa. Kufika saa nne asubuhi majiko yote manne yalikuwa yanawaka, na binti yetu alikuwa anamenya viazi huku analia, eti kwa sababu ya vitunguu. Baba Watoto akajaribu kuusimamisha mwiko katikati. Ukalala pole pole upande wa Georgia.

Mzee wa kazini alifika na mkewe. Akala kijiko cha kwanza, akanyamaza, akauliza utamu ule umetoka wapi. Tulipomwambia ni tui la nazi alitikisa kichwa, kisha akasogeza bakuli aongezewe. Alipoziona sufuria nne hakushangaa. Kwao, alisema, mchuzi huu hupikwa na makanisa na wazimamoto ili uuzwe kwa mji mzima. Aliyeupima kwa nyumba moja ndiye aliyekosea hesabu. Na kwao watu hukoroga kwa zamu, lakini mkuu wa chungu ni mmoja tu. Wengine mikono yao ni ya mwiko.

Baba Watoto akakohoa, akajiandaa kutangaza jina la mkuu wa chungu wa nyumba yetu.

Alichelewa. Mama alikuwa ameshalichukua kopo la chumvi mezani na kulitia kibindoni. Tangu siku hiyo hadi aliporudi Tanga, hata yai la kuchemsha tuliliombea ruhusa.