Nani Kaikaribisha Hii?

Shemeji yangu akikaa kwenye kompyuta ya nyumbani kutafuta programu ya kugeuza PDF iwe Word, mimi huacha chakula mezani nikaenda kusimama nyuma yake. Naijua safari nzima. Ukurasa utafunguka na vitufe vitatu vya kupakulia. Kile kikubwa cha kijani, chenye mshale unaochezacheza, ni tangazo. Cha pili nacho tangazo. Programu yenyewe iko kwenye kimstari cha bluu huko chini, maandishi ya kusomwa kwa miwani. Shemeji ni msomi, mkataba wa kupanga chumba anausoma na kuupigia mistari. Mbele ya kitufe cha kijani elimu yote humtoka.

Baada ya hapo ni "Next" mpaka tamati. Katikati kuna ukurasa ambao tiki zimeshawekwa tayari: nakubali kuongezewa upau wa kutafutia, nakubali ukurasa wangu wa mwanzo ubadilishwe, nakubali kuletewa kisafishaji cha kompyuta. Nani kakubali? Mtu hata mdomo hajafungua! Ukitaka kukataa uchague njia ya wajuzi, nayo imeandikwa kwa rangi ya kijivu iliyopauka, ukiitazama unadhani kitufe kimekufa. Basi kisafishaji kinaingia, kinaanza kupekua, na kabla shemeji hajameza mate kimeshaona makosa chungu nzima, yote mekundu. Kuyaona ni bure. Kuyaondoa, lete kadi ya benki.

Na msidhani hizi ni hila za vichochoroni tu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2015, ukiweka Java kwenye Windows ulikuta tiki ya upau wa Ask inakusubiri. Mwaka 2005 Sony BMG waliumbuliwa kwa CD za muziki ambazo ukizicheza kwenye kompyuta zinaacha programu iliyojificha humo ndani, eti watu wasinakili nyimbo. Umekwenda dukani, umelipa, umepewa risiti, na bado unawekewa kitu usichokiomba. Aliyenunua kanda ya wizi barabarani alilala usingizi wake.

Mambo yakiharibika anaitwa fundi. Fundi wetu ana tiba moja kwa kila ugonjwa: tupige Windows upya. Sawa, piga. Lakini Windows yake haina leseni, kwa hiyo anachomeka flashi yenye kiprogramu cha kuihalalisha, na sharti la kiprogramu hicho ni kwamba tuzime antivairasi kwanza. Mtu nimemwita aje kutoa virusi, naye anaanza kwa kuzima antivairasi! Akimaliza anaacha akaunti moja tu, yenye mamlaka yote, isiyo na neno la siri. Anaikalia shemeji, wanaikalia watoto, anaikalia na jirani aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi.

Tangu Windows Vista ya 2007, programu ikitaka kubadilisha mambo ndani ya kompyuta, kioo kinafifia na swali linatokea: unairuhusu? Hiyo ni hodi. Nasi tumelelewa vizuri mno. Hodi ikipigwa jibu ni karibu, ndani, mambo ya unatoka wapi na umeleta nini yatafuata baada ya chai. Swali lile linaulizwa katika nyumba ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hapana kwa mgeni.

Dawa ipo wala haiuzwi. Kila mtu anafunguliwa akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi zake, na ile yenye mamlaka inabaki moja, ina neno la siri, haitumiki kuangalizia mpira. Kwenye mipangilio ya usalama ya Windows kuna sehemu ya kuzuia programu zisizotakiwa, unaiwasha. Ukiwa mkali zaidi unaamuru programu zitoke kwenye duka la Microsoft tu. Jumamosi asubuhi nikayafanya yote hayo, nikatangaza sebuleni kwa upole kabisa.

Nilichopata ni kesi. "Unaficha nini humo?" mke wangu akauliza. Shemeji hakusema neno. Alianza kula akiwa ameinamia sahani, na katika ukoo wao hiyo ni barua rasmi ya malalamiko. Jioni mama mkwe akapiga simu, akasalimia vizuri, akauliza hali ya kazi, akauliza mvua, ndipo akataka kujua kwa nini watoto wamefungiwa kompyuta na baba yao.

Na hao watoto waliofungiwa, kumbe walishapita kwingine. Zipo programu zinazojiweka kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe bila kumwomba msimamizi ruhusa, na viongezo vya kivinjari vivyo hivyo. Kijana wangu wa kati aliingia tovuti ya kuangalia mechi, ikamwomba ruhusa ya kumtumia taarifa, akairuhusu. Sasa kila saa kwenye kona ya kioo kinachomoza kibandiko: kompyuta yako imeingiliwa na virusi, bofya hapa haraka. Virusi hakuna. Nimeingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikafuta ruhusa ile, na nyingine za tovuti za mapishi ambazo kila mtu anakana kuzitembelea.

Ili amani irudi, tumekubaliana neno la siri akae nalo mke wangu. Yeye hana haraka. Wiki hii nimeleta printa, inataka programu yake iwekwe, nikapiga goti kuomba. Akauliza ni ya kampuni gani, nimeitoa wapi, kwani ile ya zamani ina nini, na je, lazima iwe leo? Kisha akavaa miwani, akavuta kiti, akafungua ukurasa wa masharti. Mimi huyu niliyesimama nyuma ya kiti nina ripoti ya kupeleka ofisini kesho saa mbili, naye kafika kifungu cha nne, ananiuliza wakili wa kampuni hiyo anaishi wapi.