Namna ya Kumzidi Ujanja Aliyekutengenezea Simu

Kampuni ya simu ingependa ununue mpya kila baada ya miaka miwili. Usiipe raha hiyo. Fuata hatua hizi na kimeo chako kitaendelea kupiga kazi.

1. Anza kwa fundi, si dukani. Ndiyo, kabla hujanunua. Pita kwenye vibanda vya mafundi pale Majengo, hapa Dodoma, uliza: "Fundi, simu ipi spea zake zinapatikana hapahapa?" Anajua, maana ndiye anayehangaika nazo. Simu ambayo kioo chake lazima kiagizwe Dar, achana nayo hata kama kamera yake inaona mwezini.

2. Usikubali haraka kwamba simu imekufa. Dodoma ina upepo na vumbi, hasa kiangazi, na vumbi hilo huishia kwenye tundu la chaji. Zima simu, chukua kijiti cha meno, chokoa taratibu. Wapo waliokwishanunua simu mpya kwa sababu ya udongo wa Nzuguni.

3. Simu ikiwa nzito, badili betri kwanza. Betri ya lithiamu huchoka. Ikishajazwa mara 500 hivi, nyingi hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Hapo ndipo unapoviziwa. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri iliyochoka. Wapo waliodhani simu zao zimezeeka, wakanunua nyingine, kumbe betri mpya ingetosha. Mwaka 2020 Ufaransa iliipiga kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Zamani mfuniko ulifunguka kwa ukucha. Leo wameubandika kwa gundi ili uogope. Usiogope. Fundi ataupasha joto, gundi italegea. Ila betri ikivimba usiitoboe wala kuibonyeza, inaweza kuwaka moto.

4. Mkwepe mlinzi aliyefichwa ndani. Simu nyingine zina programu inayotambua kioo kilichotolewa kwenye simu nyingine, hata kama ni halisi na cha kampuni ileile. Itakutolea onyo, au itazima baadhi ya kazi. Fundi hodari hung'oa chipu ndogo ya kioo cha zamani na kuichomelea kwenye kioo kipya, chini ya hadubini, na hakuna kiwanda kilichomfundisha. Mlipe bila kubania. Mikono hiyo ni mali ya mji huu.

5. Izidi ujanja kampuni, usiichezee sheria. Bonyeza *#06#, pata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ihakiki kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kabla ya kununua simu iliyotumika. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Anayejitolea kukubadilishia IMEI anakuingiza kwenye kosa la jinai, mkimbie.

6. Tunza sura. Unafanya kazi kwenye ofisi za serikali Mtumba na unaona haya kutoa simu ya 2019 kwenye kikao? Nunua kava jipya na protekta safi. Iweke mezani kifudifudi, nani atajua? Fedha ya simu mpya ilipe ada ya mtoto.

7. Hatua ya mwisho ndiyo nzito, na haifanyiki kibandani. Tangu 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unawabana wanaoingiza simu mpya sokoni huko: spea muhimu lazima ziendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kampuni nyingi kati ya hizo zinatuuzia na sisi, bila ahadi hiyo. Bunge linakaa hapahapa Dodoma. Mtafute mbunge wako wakati wa vikao, mwombe sheria itakayompa fundi wa Majengo ramani za saketi, spea za kiwandani kwa bei inayolipika, na ruhusa ya kufunga kioo bila simu kumgomea. Ukienda kumwona, beba simu yako yenye ufa.